Wavuta Mnyororo wa Katenga

Mwaka ule wa hamsini na sita, serikali ya Wabelgiji ilikuwa na kila kitu pale Fizi isipokuwa watu wa ardhi. Askari walikuwepo, jela ilikuwepo, bendera ilipandishwa kila asubuhi kwa tarumbeta, na kodi haikuwahi kukosa mtu wa kuikusanya. Lakini Mzungu aliyeshughulikia mambo ya ardhi alikwenda likizo Ulaya na homa yake, akanogewa na baridi ya kwao, hakurudi tena. Mpimaji naye alihamishiwa Uvira. Bwana Mkubwa wa teritwari, yaani wilaya ile, ambaye watu walimwita Bwana Mara-Moja kwa sababu hakujua kuagiza jambo lolote bila kuongeza neno hilo, aliandika Bukavu, makao ya jimbo, kuomba mtu wa ardhi, mpimaji, karani na wavuta mnyororo wa kupimia ardhi. Bukavu wakajibu kwamba hata wao hawakuwa na watu, basi atumie alio nao.

Aliye naye alikuwa Isidore.

Isidore alikuwa mtoto wa pekee wa Adolphine, mjane wa Lweba, kando ya ziwa. Alikuwa amesoma kwa mapadri, akawa karani wa kupiga mashine kwenye biro, yaani ofisi ya serikali, ya Fizi, na barua zote za kuomba watu aliziandika yeye kwa vidole vyake. Jumapili moja aliteremka mlima, akapita Baraka, akafuata njia ya ziwani mpaka kwao juu ya baiskeli mpya. Kichwani alivaa kofia nyeupe ngumu, ile ya Wazungu. Adolphine alipomwona alipiga vigelegele mpaka majirani wakatoka nje. Alijisikia kama amezaliwa upya. Ana haki. Mwanamke aliyelea mtoto peke yake, akadharauliwa na wake wa wenye waume, siku kama hiyo akipiga vigelegele nani atamwambia anyamaze?

Alisonga ugali wa muhogo, mweupe na laini, akaupakua pamoja na mukeke, samaki wa ziwa lao, wa kukaanga, akakaa mbele ya mwanawe amtazame akila.

“Sasa kazi yenyewe ni ya namna gani, mwana wangu?”

“Ni ya bulongo, ya kupima udongo, mama. Mi njo karani wa bulongo sasa. Tutapima fasi yenye haina bantu, kisha serikali itamupa Muzungu moja wa Bukavu, apande ngazi, ile michikichi ya mafuta.”

“Fasi gani?”

Isidore alimeza tonge kwanza. “Katenga.”

Adolphine aliweka chini bakuli la mchuzi.

Katenga ni bonde lililo juu ya Lweba, na kijito chake kina jina hilo hilo. Mashamba ya wanawake wa Lweba yalikuwa huko, na wakati ule yalikuwa yamepumzishwa. Majani yalikuwa marefu kuliko mtu, na mgeni akipita njiani asingeona kitu. Lakini ndani ya majani yale muhogo wa zamani ulikuwa bado ardhini, na kando ya kijito kila mama alikuwa na shimo lake la kuloweka. Muhogo wa kule ni mchungu. Usipoukalisha ndani ya maji mpaka ulainike, utakudhuru. Kwa hiyo mashimo yale yalikuwa na sheria yake, na sheria hiyo hata mlevi aliifuata: mtu hapiti juu ya shimo la mwenziwe akiwa kimya. Atasimama, ataita, “Hapa kwa nani?” na mwenyewe, au mtu wa nyumba yake, atajibu. Ukipita kimya, basi mihogo ikipungua usijitetee. Wewe ndiye mwizi.

Adolphine alipewa shamba lake na mama mkwe wake, siku alipoolewa na Placide. Huyo Placide alifungwa mnyororo shingoni na serikali hiyo hiyo kwa sababu ya pamba aliyokataa kuipanda, akarudi kutoka jela ya Fizi na kikohozi kilichomzika. Vilivyobaki mikononi mwa Adolphine vilikuwa viwili tu: mtoto na Katenga. Na sasa mtoto alikuwa amekuja kumwambia kwamba anakwenda kuitoa Katenga.

“Katenga haina bantu?” aliuliza polepole.

“Haina nyumba, mama. Mashamba yote imekuwa majani. Shefu yetu Jacques alishaitika mbele ya Bwana kama haina muntu. Sheria inasema karani aulize bantu ya fasi, kama hakuna mwenye kujibu, anaandika haina muntu, anatia sinyo yake, jina yake chini ya karatasi, inaisha.”

“Bugali yenye uko nayo mu mukono, imetoka wapi?”

Isidore alitazama tonge.

“Nakuuliza, mutoto. Imetoka wapi?”

“Katenga,” alisema.

“Basi tema.”

Hakutema, lakini hakumaliza pia. Mtu mzima mwenye kofia ya serikali alikaa pale akitazama sahani kama mtoto aliyevunja chungu. Adolphine aliona huruma, akaikasirikia huruma yake.

“Mama, mi ni mutumishi tu,” Isidore alisema. “Nikikataa, Bwana atatafuta mwingine.”

“Nani?”

Isidore alianza kuhesabu kwa vidole vyake, akaacha. Alikuwa amepiga barua zile mwenyewe. Alijua hali ya biro kuliko mtu yeyote. “Hakuna,” alisema mwishowe, na cheko dogo likamponyoka. “Kweli, mama, hakuna. Bwana hana hata muntu wa kuvuta munyororo. Amesema nimutafutie bantu bane hapa Lweba.”

Usingizi ulimkataa Adolphine usiku huo kwa ajili ya jambo hilo moja. Maisha yake yote alidhani serikali ina watu wasiokwisha, kama ziwa lisivyokwisha maji. Kumbe ilikuwa inaomba watu jinsi mjane anavyoomba chumvi kwa jirani!

Siku zilizofuata, kapita wa Lweba, msimamizi aliyewekwa na serikali, alizunguka akiwaita wanaume waje wavute mnyororo wa Bwana. Mnyororo! Wangeitwa kuvuta kamba labda wangefikiri. Lakini neno lile wanaume wa Lweba walilijua kwa shingo zao. Mmoja aliumwa mguu ghafla. Wengine walikuwa na msiba Lubondja, msiba ambao Lubondja yenyewe haikuwa na habari nao. Waliobaki waliingia ziwani na mitumbwi, na wake zao walipoulizwa watarudi lini, walisema samaki ndio wajuao. Kapita akapeleka habari hizo Fizi, na Bwana Mara-Moja akatuma jibu: Ijumaa atateremka mwenyewe, asipokuta wavuta mnyororo, wanaume wote wa Lweba watapelekwa Kilembwe kuchimba barabara. Mara moja.

Hapo kijiji kikaanza kuogopa. Wapo waliosema heri Katenga iende kuliko waume zao. Adolphine alisikia maneno hayo kisimani, akatua mtungi chini.

“Bwana anaomba bantu bane,” alisema. “Alisema banaume?”

Wakamgeukia kapita, aliyekuwa amesimama hapo akitangaza.

“Kapita, mi nakuuliza. Alisema banaume?”

Kapita alikuna kichwa. Alikiri kwamba neno lililotoka Fizi lilikuwa ‘watu’.

“Bamama haiko bantu? Tutavuta sisi.”

Jioni ile alikwenda mahali ambapo miguu yake haikuwa imekanyaga tangu mvua za mwaka uliopita: nyumbani kwa Pulchérie. Pulchérie alikuwa wa kanisa la Waprotestanti, mama wa Henri, na shimo lake lilikuwa jirani na la Adolphine kule kijitoni. Waligombana kwa sababu Pulchérie alilipanua shimo lake likasogelea la mwenziwe, na tangu hapo wakipishana njiani kila mmoja alitazama ziwa. Adolphine alisimama mlangoni. Alikimeza kiburi chake.

“Mama Henri. Shimo lako na shimo langu, yote inaenda.”

“Nasikia ni mutoto wako anaipeleka,” Pulchérie alimjibu bila kuinua macho kutoka kwenye mchele aliokuwa akipeta.

Neno lile lilimchoma, kwa kuwa ni kweli. “Ni yeye,” alisema. “Njo maana nimekuja mi, sikumutuma muntu. Nisaidie nimurudishe.”

Pulchérie alipeta tena kidogo, ili asionekane ameshindwa upesi. Kisha akasogeza kigoda kwa mguu. “Kaa, mama Isidore. Unataka tufanye nini?”

Walichopanga pale sikwambii sasa. Itoshe kusema kwamba kesho yake Katenga ilijaa wanawake, wa misa na wa zaburi pamoja, waking'oa muhogo wa zamani kutoka ndani ya majani na kuutia majini. Na waliokuwa wameacha mashimo yao yakazibwa na matope waliyachimba upya.

Ijumaa ikafika. Bwana Mara-Moja aliteremka na gari, kaptula imepigwa pasi, pamoja na askari wake Nicolas, mtu wa Kilembwe mwenye mwili kama mlango. Isidore alikuwa ametangulia na fito zake za kupimia, za rangi nyekundu na nyeupe, kofia kichwani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Chini ya bonde, kando ya mnyororo uliokunjwa, walisimama Adolphine, Pulchérie, na majirani zao Florentine na Émilienne, vitambaa vimefungwa viunoni.

Bwana alicheka kwanza. “Wapi wanaume ya Lweba?”

“Banaume iko, Bwana,” Adolphine alisema. “Lakini we uliomba bantu. Tuko hapa.”

“Hii si kazi ya mwanamke!”

“Tunabeba kuni, maji, mihogo na batoto, Bwana. Munyororo yako inapita uzito wa mutoto?”

Nicolas aligeuza uso upande. Bwana alimtazama Isidore, akatazama saa, akatazama bonde refu linalomngoja. Kama angekuwa na mtu mwingine yeyote angewafukuza. Hakuwa naye. “Vuta,” alisema. “Mara moja!”

Wakavuta. Émilienne na Florentine walishika mkia, Adolphine na Pulchérie wakaongoza, na Isidore akiwaelekeza kwa fimbo yake wanyooshe mstari. Mwanzoni mambo yalikwenda vizuri hata Bwana akawasha sigara. Lakini walipokaribia kijito harufu iliwapokea. Mtu aliyekulia kwenye muhogo wa kulowekwa harufu ile humkumbusha kula. Asiyeijua hudhani kuna mtu amekufa. Bwana alitoa kitambaa, akajiziba pua.

Adolphine alisimama ghafla. Mbele ya miguu yake palikuwa na shimo lililofunikwa majani ya mgomba.

“Hapa kwa nani?” aliita kwa sauti.

Majani yakatikisika, akainuka mwanamke. “Kwa mama Marie!”

“Asante, mama Marie.” Wakavuka. Hatua chache mbele, shimo jingine.

“Hapa kwa nani?”

“Kwa mama Kashindi!” Mwingine huyo, kutoka upande wa pili, mtoto mgongoni.

Bwana alidhani ni bahati mbaya. Lakini kila waliposonga Adolphine aliita, na kila alipoita majani yalijibu. Vikongwe waliinuka kwa kushika mikongojo, wasichana waliinuka wakicheka na kuziba midomo. Waliokwisha kujibu hawakukaa tena. Walibaki wamesimama, mikono viunoni, wakiufuata mnyororo kwa macho. Bonde lisilo na mtu lilikuwa sasa na watu kuliko soko la Baraka. Adolphine alihisi sauti yake ikipanda kila mara. Hofu haikumtoka, lakini juu ya hofu kulikuwa na kitu kitamu ambacho hakuwa amekionja tangu Placide alipofungwa. Aliwaita kwa furaha mpaka Pulchérie akamnong'oneza apunguze, wasije wakaonekana wako harusini.

“Mama,” Isidore alimwambia chini chini alipopita karibu, “vuta tu. Bwana anakasirika.”

“Nipite kimya juu ya shimo ya mwenzangu? Unataka baniite mwizi?”

“Hapana, lakini...”

“Basi ngoja nimalize kazi ya serikali.”

Bwana alipaza sauti. Alitaka kigingi kipigwe pale pale, kwenye shimo la Florentine, kwa kuwa mstari ulipita hapo. Akamwamuru Nicolas aitoe ile mihogo na kuitupa. Nicolas aliinama. Aliitazama mihogo, akamtazama Florentine aliyekuwa ameshika mkia wa mnyororo bila kusema neno. Akasimama wima, akapiga saluti.

“Bwana, unaweza kunifunga. Mihogo ya mama wa bantu siigusi. Kwetu Kilembwe njo vile vile.”

“Mnyama!” Bwana alinyakua kigingi na nyundo, akakipiga mwenyewe. Kiliingia kwenye tope lililolainika, akapiga tena kwa nguvu, kikazama, kisha kikaibuka na kuelea kati ya mihogo. Maji meupe yalimrukia kifuani. Hakuna aliyecheka. Walikuwa wamekatazana kucheka, na ninakwambia, hakuna kazi iliyokuwa ngumu siku ile kama hiyo.

Akajifuta, akamgeukia karani wake. “Isidore! Inatosha. Kwisha kuuliza. Wanawake hawana udongo, hii yote ni kelele. Shefu amesema hakuna mtu. Andika hakuna mtu, tia sinyo. Mara moja!”

Isidore alikuwa na karatasi juu ya ubao na kalamu mkononi. Bila sinyo ya karani aliyewauliza wenyeji, karatasi ile isingepokelewa Bukavu, na pale Fizi hakukuwa na karani mwingine wa kutumwa. Wote walimtazama. Adolphine aliona kofia ile nyeupe kichwani mwake, akaona na kile kitakachomkuta: jina kufutwa, nyumba ya matofali ya biro kuchukuliwa, labda jela. Jela ile ile. Moyo wake ulimgeuka. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili alitamani kumwambia, andika, mwanangu, uishi. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa. Maneno yalimfika kwenye meno.

Lakini mnyororo ulikuwa bado mkononi, na kazi haikuwa imekwisha. Aliuvuta hatua moja mbele, akasimama kwenye shimo la mwisho, lililofunikwa kwa majani mapya ya mgomba. Lilikuwa lake.

Hapo ndipo alipotambua walichosahau yeye na Pulchérie katika mipango yao yote. Kila shimo, hata la wenzake waliovuta naye, waliliwekea mtu wa nyumba hiyo wa kujibu. Hili hawakuliwekea, maana mwenyewe ndiye aliyekuwa akivuta mnyororo, na mtu hajiiti akajijibu. Mumewe alikuwa kaburini. Binti hakuwa naye. Pulchérie alimtupia jicho, akataka kufungua kinywa, lakini hakuwa mtu wa nyumba ile; jibu lake lisingefaa kitu, na wanawake wote walijua.

Adolphine alivuta pumzi. Sauti haikutoka kubwa safari hii.

“Hapa kwa nani?”

Bonde likanyamaza. Bwana alinyoosha kidole kwenye majani matupu, uso umemng'aa. “Umeona? Umeona? Hapa hakuna mtu! Andika!”

Adolphine hakumtazama Bwana. Alimtazama mwanawe, na hakumwomba kitu. Aliita tena, kama sheria inavyotaka.

“Hapa kwa nani?”

Isidore alivua kofia. Aliweka ubao chini, akaiweka kofia juu yake taratibu, na karatasi na kalamu akaviacha chini ya kofia.

“Kwa mama Isidore,” alisema. Kisha akarudia kwa nguvu, mpaka wa nyuma wakasikia. “Kwa mama Isidore! Na Isidore njo mi. Bwana, hapa iko muntu.”

Vigelegele vilivyopigwa pale, waliokuwa ziwani waliapa kwamba viliwafikia mitumbwini. Adolphine hakupiga. Alikaa kwenye ukingo wa shimo lake, akalia waziwazi bila kujifuta, na Pulchérie akasimama nyuma yake akimshika mabega.

Bwana Mara-Moja alimfukuza Isidore hapo hapo. Baiskeli ikapakiwa garini, kofia ikapakiwa, akamwapia kwamba atakula ugali wa jela. Isidore alisema, “Ndiyo, Bwana,” akaenda kukaa karibu na mama yake. Kisha Bwana akaamuru mnyororo ukunjwe upelekwe garini. Wanawake wanne walikuwa wameuachia. Ulilala kwenye majani na matope, kati ya mashimo.

“Kazi yetu ilikuwa kuvuta, Bwana,” Émilienne alisema kwa heshima. “Tumevuta.”

Nicolas alikuwa amekwenda garini na baiskeli, na hakuonekana kuwa na haraka ya kurudi. Kapita alikuwa ameshikwa na tumbo. Bwana alitazama huku na huku akitafuta mtu wa kutuma, na watu walikuwa tele, lakini wa kwake hakuwepo hata mmoja. Basi akainama mwenyewe. Akaanza kuukunja mnyororo mkononi, tope likimchafua kaptula, akirudi chini kwa njia ile ile iliyopita kwenye mashimo.

Alipofika kwenye shimo la kwanza wakamwita wote kwa pamoja, kwa upole kabisa, kama mtu anavyomkumbusha mgeni desturi ya nyumba.

“Hapa kwa nani, Bwana?”

Alisimama kidogo. Kiswahili chake kilitosha kuelewa, na jibu alikuwa amelisikia kwa masikio yake. Aliwatazama mmoja mmoja, akainua mguu, akapita kimya.

“Tumekuona,” Adolphine alisema.